Ukuta Uliotaka Chokaa

(Hotuba kwa vijana wa ufundi ujenzi na usanifu majengo, Dar es Salaam)

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za jioni. Itifaki imezingatiwa, na kama kuna mheshimiwa nimemruka anisamehe. Mimi ni fundi mwashi, itifaki ninayoijua vizuri ni ya timazi.

Wazee wenzangu, shikamooni. Wanangu, karibuni mbele, viti vya mbele havina gharama.

Zamani ningekuja hapa na mfuko wa rambo, lakini tangu 2019 ulipigwa marufuku, kwa hiyo nimekuja na kikapu cha mama watoto. Ndani yake mna vipande viwili vya lipu na chupa ya maji. Hiki cha kwanza, kipokezaneni, kimetoka kwenye ghala la mbata, yaani nazi iliyokaushwa, lililojengwa enzi za masultani. Ukikitazama kwa karibu utaona vipande vya makombe, chembe nyeusi za mkaa, na punje nyeupe za chokaa ambayo haikuchanganyika sawasawa. Kikwangue kwa ukucha, kinatoa unga. Hiki cha pili ni lipu ya saruji, kimetoka kwenye ukuta uleule. Huyu hakwanguki. Nani aliipiga lipu hii ya saruji? Ni mimi. Nitawaeleza baadaye, msinicheke mapema.

Sasa tuangushe tone moja la maji juu ya kila kimoja. Tazama. Kwenye chokaa limezama, limeacha alama tu. Kwenye saruji limekaa kama chozi kwenye shavu. Hotuba yangu yote iko hapo. Mwenye daladala ya mbali anaweza kuondoka sasa.

Nimeombwa nizungumzie majengo ya kale ya mawe ya mashambani na kazi ambazo yamepewa baadaye. Mwalimu aliyenialika aliuliza kama sitaona tabu kuwahutubia watu wa mjini habari za shamba. Nikamjibu, mjini wapi? Sultani Majid bin Said alipoanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, pande hizi zilikuwa za mashamba na vijiji vya wavuvi kama Mzizima, na minazi ilikuwa sehemu ya mipango yake sawasawa na bandari. Boma la Kale mnalolipita pale kando ya bandari ni la wakati wake, limejengwa kwa mawe ya matumbawe. Na Kariakoo, ambako leo ukisimama dakika mbili umeshauziwa chaja, palikuwa shamba la mlowezi mmoja Mjerumani aliyeitwa Schoeller. Wajerumani wakajenga pale jengo kubwa, ikaja Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakawaweka humo wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, ndipo likapatikana jina Kariakoo. Baada ya vita likawa soko. Mwishowe likavunjwa, na mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli. Shamba, kambi, soko, na soko jingine tena, ndani ya umri wa bibi mmoja. Lile halikuwa jengo la mawe, lakini nimeanza nalo ili mtu asidhani kubadilisha matumizi ya jengo ni jambo lililoletwa na wafadhili wa semina.

Tuje kwenye mawe. Sehemu kubwa ya pwani yetu, toka Kilwa mpaka Tanga na visiwani, imekaa juu ya matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba. Nendeni Kunduchi Mtongani mkawaone watu wakiyapasua kokoto. Pale Wazo Hill kiwanda cha saruji kimekuwa kikilichimba jiwe la namna hiyo tangu 1966. Kwa hiyo saruji na chokaa si maadui wa kuzaliwa, ni ndugu wa mama mmoja. Wametofautiana malezi. Chokaa inachomwa kwa moto wa magogo, saruji inachomwa kwa moto mkali zaidi pamoja na udongo, ikatoka na tabia nyingine.

Wazee walikuwa na mawe ya namna mbili. Kuna jiwe la nchi kavu, gumu, lenye matundu, halichongeki vizuri. Hilo ndilo la kuta. Na kuna tumbawe lililokatwa baharini likiwa bado bichi, laini kama jibini, linachongwa likiwa na maji yake, kisha likikauka linakuwa gumu. Hilo lilitengenezewa vizingiti, mihrabu na mapambo ya milango. Siku hizi kulikata tumbawe hai ni kosa la jinai, na mimi naunga mkono, maana samaki wanakaa wapi? Lakini mnatakiwa kujua tofauti, ili mkikuta kizingiti kilichochongwa msikigonge kwa sururu mkidhani kitapatikana kingine.

Chokaa ilichomwa hivi. Unapanga magogo kwa duara, ya minazi iliyokwisha kuzaa ni mazuri, tabaka juu ya tabaka, katikati unaacha tundu la moto. Juu unarundika mawe. Unawasha jioni upepo ukishatulia. Usiku kucha linaungua, asubuhi limebaki rundo jeupe linalofuka. Hiyo ni chokaa isiyozimwa, haina urafiki na mtu. Ikikuingia jichoni utaimba. Unainyunyizia maji, inachemka yenyewe, inapasuka, inakuwa unga. Kisha unaiacha shimoni ikae, wiki, miezi, kadiri ya subira yako. Yule mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema chokaa ya haraka ni kama wali wa haraka, juu umeiva, chini mchele. Alikuwa na maneno makali. Kwa miaka miwili aliniita "we mtoto", na wakati huo nilikuwa na watoto wawili nyumbani.

Ukuta wenyewe ni mnene, nusu mita na zaidi, mawe yasiyo na umbo yamelazwa kwa chokaa na mchanga au udongo mwekundu. Juu yake ziko boriti. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo wasanifu wengi wanapojikwaa.

Boriti ni mikoko. Nyingi zilitoka delta ya Rufiji, majahazi yakizibeba mpaka Unguja na Ghuba ya Uajemi. Mkoko ni mti mgumu, mchwa anaogopa, lakini haukupi urefu unaoutaka. Ukiutegeshea mzigo wa dari ya mawe na chokaa, upana wa chumba hauwezi kuzidi takriban mita 2.5 hadi 3. Basi. Ndiyo maana ukiingia nyumba ya mawe ya pwani, iwe ya tajiri iwe ghala la shamba, unakuta vyumba virefu vyembamba kama mtumbwi. Hakuna sultani aliyekaa akaamua kwamba wembamba ni uzuri. Mkoko uliamua.

Sasa anakuja mteja. Anataka kuligeuza ghala kuwa ukumbi wa harusi wa watu 200. Msanifu kijana anafungua kompyuta, anafuta kuta mbili za katikati, anaweka bimu ya zege, mchoro unapendeza. Site tunakutana na ukuta. Kuta zile zinashikana, kila mmoja unamsaidia mwenzake kusimama. Ukiondoa wa kati unamvua mwenzake mkongojo. Na bimu yako ya zege ni nzito, ni ngumu, haiyumbi, ndani ya ukuta laini unaopumua na kusogea kidogo kidogo kila masika. Mvua mbili tatu unaona ufa umeanza pembeni ya bimu, unapanda kwa mshazari. Mteja anampigia nani simu? Si msanifu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa jengo lolote la shamba si "tuweke nini humu?" Ni "humu palikuwa na nini, na kwa nini paliwekwa hivi?" Ghala la mbata lina madirisha madogo ya juu, kwa sababu mbata inataka hewa na haitaki mvua, wala haitaki wezi. Chumba cha kinu cha mafuta kina dari ya juu na sakafu iliyochakaa kwa duara, kwa sababu ngamia aliyefumbwa macho alikuwa akizunguka humo kutwa akisukuma mchi. Ukilijua hilo, utajua pia chumba gani kinaweza kuwa maktaba na kipi hakiwezi kuwa jiko.

Haya, niwaambie kisa changu.

Miaka ya tisini nilipata kazi katika kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya Bagamoyo. Lilikuwepo ghala la mbata la zamani, vyumba vitatu vya mtumbwi, bado lina dari. Wanakijiji walitaka liwe zahanati. Wazo zuri, kuta zipo, kivuli kipo, barabara ipo. Mhisani akatoa fedha na akatoa muda: miezi miwili. Yule mzee wangu alikuwa ameshaanza kuumwa miguu, sikumuuliza. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa na mifuko ya saruji.

Nikabandua lipu yote ya chokaa, nje na ndani. Nikapiga lipu ya saruji, nikaipiga msasa, ikang'aa. Chini nikamwaga zege lenye nailoni, safi kabisa, daktari anaweza kupiga deki. Nikapaka rangi ya mafuta mpaka usawa wa kifua, kijani, mnaijua ile rangi ya zahanati. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi aliushika ukuta akasema, "Hii sasa ni kazi." Nilivimba kichwa.

Mwaka wa kwanza, chini ya ile rangi ya kijani zikatoka vipele. Mwaka wa pili vipele vikapasuka, unga mweupe ukaanguka sakafuni, manesi wakawa wanafagia kila asubuhi. Mwaka wa tatu lipu ilianguka kwa mapande, na kila pande lilitoka na uso wa jiwe. Halafu usiku mmoja wa masika pembe ya dari ya chumba cha dawa ikashuka. Mungu ni mkubwa, hakukuwa na mtu.

Kilichotokea mnakijua sasa kwa lile tone la maji. Ukuta wa pwani unakunywa. Maji yanapanda toka ardhini na chumvi yake, kila siku, na zamani yalikuwa yanatoka yote usoni mwa lipu ya chokaa, taratibu, jua likiyachukua. Mimi niliufunga ukuta midomo yote. Chini zege na nailoni, pembeni saruji na rangi ya mafuta. Maji hayakuacha kupanda kwa sababu mimi nimeamua. Yalipanda juu zaidi yakitafuta mlango, chumvi ikaganda nyuma ya lipu ikaisukuma, na maji yenyewe yakafika pale juu, zilipolala ncha za boriti. Mkoko uliodumu zaidi ya miaka mia moja ukaoza ndani ya mitatu.

Nilirudi kwa yule mzee. Sikwenda na maneno mengi, nilikwenda na kilo mbili za sukari. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Ukuta ulikuomba chokaa, wewe ukaupa shati la nailoni." Tukaenda naye kwa gari la kukodi, yeye kakaa kwenye kiti chini ya mkorosho, anaelekeza kwa bakora. Tukabandua kila nilichokipiga. Tukauacha ukuta uchi msimu mzima wa kaskazi ukauke. Tukabadilisha boriti kumi na moja. Tukapiga chokaa. Zahanati wakati huo ilikwisha kuhamia jengo la matofali, na walikuwa na haki. Ghala likawa stoo ya mahindi ya shule ya msingi, chumba kimoja mahindi, kimoja madawati mabovu, na kimoja alikaa mama mlinzi. Nilipita huko miaka michache iliyopita. Mama mlinzi ana ufunguo mmoja, kaufunga kwenye upande wa kanga, na hakuniruhusu kuingia mpaka nimweleze mimi ni nani. Nilifurahi sana kunyimwa ruhusa.

Sasa tusafiri kidogo, maana mtu asidhani mambo haya ni ya Waswahili peke yao.

Niliwahi kupelekwa Uingereza kwa mafunzo ya waashi, mwezi mmoja, mahali panaitwa Yorkshire Dales. Ni mabonde ya kijani, baridi ya kukata masikio mwezi wa tano. Kila konde lina ukuta wa mawe makavu, yamepangwa bila chokaa hata chembe, na karibu kila konde la majani lina banda lake la mawe, peke yake, mbali na nyumba. Yako zaidi ya 6,000 ndani ya hifadhi ile. Nilimuuliza mkulima mmoja, mzee kama mimi, kwa nini mmejenga zizi kilomita nzima kutoka nyumbani? Akanionyesha. Chini ni ng'ombe wanne au watano, wamefungwa toka Novemba mpaka Mei. Juu yao ni darini, majani makavu yaliyokatwa kwenye konde hilohilo. Samadi inayotoka mlangoni inarudi kwenye konde hilohilo. Hakuna kinachobebwa mbali isipokuwa mkulima mwenyewe, ambaye alikuwa akitembea kwenye theluji kila siku, kila banda, kulisha na kunywesha. Ukutani yametokeza mawe marefu kwa mstari, nikadhani ni ya kupandia. Kumbe ni mawe ya kufunga, yanapita unene wote wa ukuta yakiushika usifumke. Nilimwangalia yule mwashi wa zamani wa Kiingereza, marehemu nisiyemjua, nikamwambia kimoyomoyo, shikamoo fundi.

Nini kiliyaua mabanda yale? Trekta. Majani yakaanza kufungwa marobota, marobota hayapiti kwenye tundu la darini. Ng'ombe wa kisasa akawa mkubwa, mlango ni mdogo. Banda moja kubwa la bati karibu na nyumba likachukua kazi ya mabanda matano. Mnaona? Kule mlango, huku boriti. Jengo la shamba limeshonwa kwa kipimo cha kazi fulani, kazi ikibadilika kipimo, shati linabana.

Wenzetu wamegombana sana juu ya nini kifuate. Mwaka 2014 serikali yao iliweka utaratibu wa kuyageuza majengo ya shamba kuwa nyumba za kuishi bila kupitia maombi kamili ya ujenzi, lakini maeneo kama zile hifadhi yakaachwa nje ya ruhusa hiyo. Baadhi ya mabanda yamekuwa malazi ya bei nafuu kwa wapanda milima, kitanda cha mbao na jiko, na hayo niliyapenda, kwa sababu banda limebaki banda. Mengine yamekuwa nyumba za likizo. Nililiona moja. Wametoboa madirisha makubwa, wameweka maegesho ya kokoto, taa za bustani, antena. Jiwe lipo, banda halipo. Kusini zaidi, Bradford-on-Avon, liko ghala la karne ya 14 lenye urefu wa takriban mita 51, mali ya watawa wa kike wa Shaftesbury enzi hizo. Watu wanaliita ghala la zaka, ingawa mengi ya majina hayo ni ya mazoea tu. Yalikuwa maghala ya mashamba ya watawa wenyewe. Leo ni jengo la kutazamwa, limefagiliwa, tupu. Nilikaa ndani saa nzima. Kenchi zile za mbao zinatosha kumfanya fundi atubu. Lakini nilitamani kusikia panya.

Turudi nyumbani. Huku kwetu historia ya kuyageuza majengo haya ni ndefu, na haikungoja semina. Jumba la Mtoni, Unguja, la Sultani Seyyid Said, alikozaliwa binti yake Bibi Salme mwaka 1844, lilikuwa nyumba ya shamba, lina maji ya mto na wanyama uani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza lilikuwa bohari. Leo ni magofu kando ya bahari. Mbweni, wamisheni wa Kianglikana walinunua shamba miaka ya 1870 wakawaweka watumwa waliokombolewa, wakajenga shule ya wasichana. Leo ni magofu ndani ya bustani. Bagamoyo, Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakapanda minazi, wakajenga kwa mawe, na nyumba ya masista wao sasa ni makumbusho. Kati ya haya yote, lililosimama vizuri zaidi ni la Bagamoyo. Siri haipo kwenye mawe, mawe ni yaleyale. Misheni haikufunga mlango. Kila mwaka kulikuwa na mtu anayeona pale linapovuja, na ana sababu ya kuudhika.

Nenda Pangani na Muheza ukaone upande wa mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida; kati ya 1,000 ilifika hai 62, ikapandwa Kikogwe. Miaka 70 baadaye nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna aliyetushinda duniani. Yakajengwa maghala ya nyuzi, makambi ya manamba, wale vibarua wa mkataba, na nyumba za mashine iliyoitwa korona. Ndiyo, korona, wanangu, wazee wa Tanga walikuwa na korona yao nusu karne na zaidi kabla ya ile ya barakoa, na hii ilikuwa ya kusaga majani. Kisha nailoni ikaja, bei ikaanguka, maghala yakabaki na popo. Nimeyaona yamegeuzwa madarasa, makanisa, mabanda ya kuku, na moja gereji ya bodaboda. Ya gereji mlango mkubwa unafaa. Ya madarasa sikuyapenda, mwangwi ni mwingi, mtoto wa nyuma anasikia herufi "a" mara tatu.

Kuna jambo ambalo fundi anapaswa kulisema kwa sauti ya chini, na nitalisema. Mawe hayakujipanga yenyewe. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, mashamba ya miwa ya mto Pangani, minazi ya pwani hii, vyote viliendeshwa kwa mikono ya watumwa. Abushiri bin Salim, tunayemsoma shuleni kama shujaa aliyepigana na Wajerumani mpaka wakamnyonga Pangani Desemba 1889, naye alikuwa na shamba la miwa. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, hali ya utumwa ikafutwa kule 1897, na huku bara mpaka 1922. Kwa hiyo mengi ya majengo haya yana chumba ambacho hukioni kwenye mchoro.

Mteja mmoja aliwahi kuniletea ramani ya hoteli. Jengo la kale la shamba, na kile chumba cha chini kisicho na dirisha amekiandika "VIP". Nikamuuliza kama anajua kilikuwa cha nini. Akasema anajua, ndiyo maana kina mvuto. Nilirudisha mkoba wangu begani. Mwezi ule tulikula ugali na dagaa kwa sana, mke wangu ni shahidi, na mpaka leo sijui kama nilifanya vema au nilimwachia tu fundi mwingine kazi. Chumba kile kingenifaa kwa mahindi. Kingenifaa kwa darasa la historia. Kwa muziki na ndoo za barafu, hapana.

Najua hapa kuna rafiki zangu wa mambo ya kale, na tumeshawahi kukaripiana. Wao wanataka kila jengo la namna hii liwekewe kibao chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na liachwe lilivyo. Nawaheshimu. Lakini nimeona vibao vilivyobaki vimesimama wakati ukuta umelala. Paa likitoboka, maji yanaingia juu ya ukuta, mche wa mkuyu unaota kwenye ufa, na mzizi wa mkuyu hausomi kibao. Kati ya gofu lenye kibao na stoo ya mahindi yenye mama na ufunguo, mimi nimeshachagua. Na kati ya stoo hiyo na ukumbi wa harusi uliobomolewa kuta mbili, nimechagua pia. Kazi mpya naikaribisha, ila iingie kwa mlango uliopo, ikae kwenye upana uliopo, na iuache ukuta unywe na kutema maji yake.

Mtauliza gharama. Chokaa ni kazi zaidi kuliko fedha: kuchoma, kuzima, kusubiri, kupiga tabaka jembamba juu ya jingine, kuifunika na magunia yenye maji isikauke kwa pupa. Mafundi wanaoijua tumebaki wachache, na wengi tunatembea na bakora. Shida iko hapo hasa. Mteja anaweza kushawishiwa; mkono usiojua haushawishiki.

Ndiyo maana nimekubali kuja. Mwenzangu mmoja ana kiwanja nje ya mji ambako majirani wametuvumilia, na Ijumaa jioni tutawasha tanuri dogo. Jumamosi saa moja asubuhi tutazima chokaa. Gari litaondoka hapa saa kumi na mbili kamili, kamili ya fundi, si kamili ya mkutano. Njoo na miwani ya kukinga macho, glavu za mpira, nguo ya mikono mirefu, na chupa kubwa ya maji safi ya kunawia endapo itakurukia. Mafuta ya kupaka ngozi nitaleta. Mwiko usinunue mpya, njoo na ule ulioutumia kwenye saruji, nitakuonyesha namna ya kuufunza upya. Na atakayekuja na ndala atakaa kwenye gari na dereva.